Bobine ya Sita

Papa wa sinema alikuwa na swali moja, na aliliuliza kila Jumapili. Sura ya mtu ilipojaa kwenye shuka jeupe la sinema, awe baharia, askari au mama mwenye kitambaa kichwani, aliinyoshea ncha ya fimbo yake ya mwanzi, akatugeukia na kuuliza: "Huyu ni mutoto ya nani?"

Tulipaswa kujibu. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa ukumbi ule wa parokia, juu Kadutu, mtaa wa mlimani wa Bukavu, na mgeni aliyedhani amekuja kukaa kimya na kutazama alikodolewa macho mpaka naye achangie. Mmoja alisema huyo ni wa maman anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pale mlangoni pa soko. Mwingine alikataa: mwangalieni pua, huyo ni wa yule muuguzi wa Katana. Papa wa sinema alisikiliza pande zote, akachagua jibu lililompendeza, na kuanzia hapo yule mtu wa kwenye shuka, Mzungu wa nchi ya baridi aliyekufa kabla sisi sote hatujazaliwa, alikuwa mtoto wa maman wa sambaza. Akipigwa, tulimhurumia maman wa sambaza. Naye maman mwenyewe, akiwapo, alilia machozi ya kweli na kesho yake akataniwa sokoni.

Jina lake sitaliandika. Sisi wenyewe hatukulitumia. Kwa kazi za siku sita alikuwa fundi wa redio, mwenye kibanda chenye upana wa mlango wake. Lakini siku ya saba ndiyo iliyompa jina, na hata wateja wa redio walimwita papa wa sinema.

Nieleze kidogo kuhusu filamu yenyewe, maana wasomaji wengi hawajaiona, na walioiona hawakuiona kwetu. Ni filamu bubu, ya zamani sana, ya rangi nyeusi na nyeupe. Watu wanafungua midomo na husikii kitu. Badala ya sauti kuna vibao vya maneno, ambavyo kwetu vilikuwa kwa Kifaransa. Mabaharia wa meli ya kivita wanapewa nyama yenye funza. Daktari wa meli anaikagua na kusema ni nzuri. Wanakataa kuila. Wakubwa wanawapanga baadhi yao kwenye sitaha, wanawafunika kwa turubai kubwa, na kuwaamuru askari wenzao wawapige risasi. Askari wanasita, halafu wanashusha bunduki. Hapo ndipo maasi yanapoanza na meli inachukuliwa. Watu wa mji wanashangilia, wanawapelekea chakula, na jeshi jingine linateremka ngazi ndefu likiwafyatulia watu hao hao. Mwishoni meli nyingine za kivita zinakuja kuwamaliza walioasi.

Mapadri walimwachia filamu hiyo pamoja na mashine na kazi ya kuieleza. Zilikuwako filamu nyingine, za watakatifu na za wanyama, lakini zilichakaa mapema. Hiyo ilidumu. Kwa miaka ya vita, ndiyo sinema pekee niliyoijua.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa kike wa shule ya msingi, nikiishi Nguba, chini karibu na ziwa. Jumapili baada ya misa ya pili nilipanda milima mpaka Kadutu, miguu ikitetemeka, nikaketi kwenye benchi kati ya wanawake wa soko. Madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa mablanketi ili mchana uwe giza. Usiku haukuwezekana, kwa sababu ya amri ya kutotoka nje. Kwa hiyo tuliingia gizani saa nane na kutoka saa kumi, tukipepesa macho, na wakati wa kutoka hakuna aliyesema mengi, kwa sababu mbele ya mlango palikuwa na ngazi za kwetu, zile za udongo na mawe zinazoshuka kuelekea soko, na kila mtu aliziteremka akizihesabu kwa miguu.

Aliipenda filamu bubu lakini hakuweza kuiacha bubu. Kibao cha maneno matatu kilimchukua dakika tano. Umeme ulipokatika, jambo lililotokea kila wiki, hakunyamaza hata kuvuta pumzi. Aliendelea gizani, akieleza hatua kwa hatua filamu ambayo haikuwapo tena, na uliporudi, mashine ikakokota kuanza tena, alikuwa ameshafika mbele na ilimbidi aisubiri imfikie.

Alitufundisha kuwahurumia askari, na yeye mwenyewe aliwaogopa kuliko mtu yeyote niliyemjua. Akiona sare mita mia mbele yake alivuka barabara. Ikiwa sare iko pande zote mbili, alisimama na kujifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Kuogopa kulikuwa na sababu, na sababu hiyo ndiyo kiini cha yote ninayoandika. Mwanawe wa pekee alikuwa askari. Vita ya kwanza ilipopita Bukavu ilimchukua kutoka mwaka wa mwisho wa shule. Wengine walisema alilazimishwa, wengine kwamba alipanda lori mwenyewe akiimba. Baba yake hakusema lolote kati ya hayo mawili. Barua ilikuja moja, halafu hazikuja tena. Vita ya pili ilipoanza, hakuna aliyejua kijana yuko upande gani, wala kama bado yu hai. Na kila tuliposikia kwamba askari wamefyatua risasi mahali fulani, sokoni, njiani, kanisani, tulimtazama papa wa sinema kwa pembe ya jicho. Naye alijua tunamtazama.

Nilichelewa kuligundua jambo moja. Katika miaka yote hiyo, katika sura zote alizozipa wazazi wa Bukavu, hakuna hata moja aliyoipa uzazi wake mwenyewe. Tuliwagawa mabaharia kwa wauza mkaa, kwa makatekista, kwa mapolisi wa barabarani. Kwake hakupelekwa yeyote.

Msidhani filamu ile ilipokelewa vizuri kila siku. Mji wetu una historia yake na askari wanaoasi. Kwingine duniani labda neno hilo linasikika kama ushujaa. Kwetu maana yake ni kwamba askari, tunaowaita basoda, hawakulipwa na wanakuja kuchukua godoro lako. Wazee walikuwa wameliona hilo zaidi ya mara moja, na lilikuwa bado halijatuishia. Kwa hiyo mabaharia walipoichukua meli na papa wa sinema akanyosha mikono yote miwili kushangilia, nusu ya ukumbi ilikaa kimya kama mawe.

Siku moja maman mmoja muuza maharage, mtu mzito asiyependa kupanda ngazi bure, alisimama katikati ya bobine ya tatu, yaani gurudumu la tatu la utepe wa filamu.

"Papa, kwa heshima yako," alisema, "hawa basoda waliasi. Sasa mji iko mbele yao. Watapora lini?"

Watu walicheka, kicheko cha kujua. Papa wa sinema alisimamisha mashine, jambo ambalo alilifanya kwa nadra, kwa maana taa yake ikikaa juu ya picha moja iliitoboa.

"Maman, unaona wanabeba nini?"

"Hawabebi kitu."

"Njo vile. Kuna musoda anasema apana juu anataka kitu yako. Na kuna musoda anasema apana juu hataki kukupiga. Wote wawili banaitwa waasi. Mimi kazi yangu ni kukuonesha mikono yao, uchague mwenyewe."

Maman wa maharage alifikiri. Halafu aliuliza, kwa sauti ya mtu anayepima bidhaa, kama huyo wa pili amewahi kuonekana hapa kwetu au anapatikana kwa Wazungu tu. Papa wa sinema akawasha mashine bila kumjibu.

Kuna kisa ambacho watu wa Kadutu hukisimulia bado, na mimi nilikuwapo. Waasi waliokuwa wanautawala mji wakati huo walisikia kwamba parokia inaonesha filamu ya maasi. Wakamtuma afisa aje kuuliza. Papa wa sinema akamwambia hapana, afande, ni filamu ya usafi wa chakula. Afisa akasema basi ataiona. Akaketi benchi la mbele na askari wake wanne, bunduki katikati ya magoti.

Tukaonyeshwa filamu ya usafi wa chakula. Sijasikia maelezo kama yale maishani. Nyama yenye funza, alieleza, ni hatari, angalieni, huyu daktari hakunawa mikono. Mabaharia wanamwomba mkubwa wao maji ya moto. Mkubwa anakataa, kwa kuwa hakusoma. Wanafunikwa kwa turubai, ile sisi tunaita shitingi, kusudi nzi wasiwafikie. Wanawake wa soko waliuma vitambaa vyao wasicheke. Mabega ya maman wa maharage yalikuwa yanatikisika mbele yangu kama gari kwenye barabara mbovu. Ilipofika wakati wa askari kushusha bunduki, papa wa sinema alisema kwa sauti nyembamba sana kwamba wameamua kwenda kunawa.

Ndipo askari mmoja kati ya wale wanne, aliyekuwa amekaa mwisho, akasema bila kumgeukia mtu: "Hata sisi tunakulaka ya hivi. Maharage ya wiki ile iliyopita ilikuwa inatembea."

Mwenzake akacheka. Halafu wote wanne wakacheka, na afisa, baada ya kuwatazama, akacheka kidogo naye. Papa wa sinema aliinua fimbo. Kivuli cha fimbo kikapanda kama mjusi kwenye shuka. Akaigusa sura ya baharia aliyeshusha bunduki, akauliza swali lake, lakini safari hii aliwauliza wao. Huyu ni mutoto ya nani?

Askari wa mwisho aliitazama sura ile kwa muda. Akataja kijiji, na jina la mama. Nadhani lilikuwa la mama yake mwenyewe.

Afisa alitoka akisema filamu iendelee, ni nzuri kwa afya ya watu. Papa wa sinema aliketi sakafuni nyuma ya mashine na hakuweza kusimama mpaka maman wa maharage alipomletea chai.

Sasa niseme juu ya bobine ya sita, maana hapo ndipo mimi na yeye tuligombana.

Sanduku la filamu lilikuwa na nafasi sita, na ndani yake mlikuwa na bobine tano. Padri aliyeileta alisema ya sita itafuata. Padri akarudi kwao, akazeeka, na bobine haikufuata. Kwa hiyo filamu yetu iliishia meli ya waasi ikiwa peke yake baharini, moshi wa meli nyingi ukionekana kwa mbali. Utepe ulichomoka, ukapiga tapu tapu tapu kwenye gurudumu, na shuka likabaki na mwanga mtupu.

Hapo papa wa sinema alifanya kitu ambacho sikukiona kwa mtu mwingine. Aliacha mashine iwake. Aliweka fimbo chini, akapita mbele, akaingia ndani ya mwanga, na kivuli chake kikasimama kwenye shuka kikubwa kuliko yeye. Akafunga ngumi mbili. Hii ndiyo meli yetu, hii ndiyo ya kwao. Ngumi zilisogeleana polepole. Alinyosha vidole viwili, ambavyo vilikuwa mizinga, vikatazamana. Alisubiri. Alitufanya tusubiri mpaka mtu akohoe. Kisha vidole vya ngumi ya pili vikateremka, kimoja kimoja, na ngumi zikafunguka zikawa viganja, zikapitana bila kugusana. Hawakupiga. Walipigiana kengele, alisema, kama ile ya parokia yetu, na wakapungiana mikono kama watu waliosoma shule moja.

Kila Jumapili ndivyo filamu ilivyoisha. Watoto walilala wakiwa na mwisho huo.

Halafu ikaja wiki moja mbaya, ambayo sitaieleza yote. Nilizika wanafunzi wawili wa darasa langu. Walipigwa risasi njiani mchana kweupe na watu wenye sare. Jumapili nilipanda Kadutu kwa mazoea tu, nikatazama bobine tano, na alipofungua viganja vyake ndani ya mwanga nilishindwa kuvumilia. Nilibaki mpaka watu wametoka. Alikuwa anafuta lenzi kwa kona ya shati.

Nilimwambia kwamba ule mwisho ameutunga. Nilimwambia hakuna askari duniani wanaokaa na mizinga imeelekezwa na wasipige, na kwamba anawadanganya watoto ambao kesho nitawazika.

Hakukasirika. "Mwalimu, bobine ya sita uliiona?"

"Hapana."

"Basi unajua namna gani si kweli?"

"Na wewe, papa? Wewe uliiona?"

Aliinua lenzi kwenye mwanga wa dirisha, akapuliza, akafuta tena mahali palipokuwa pasafi.

"Niko na mutoto kule," alisema. "Sina ruhusa ya mwisho ingine."

Nilishuka ngazi za Kadutu nikilia, na sikujua kama ninawalilia wanafunzi wangu au yeye. Nilijua tayari kwamba hakuiona. Na yeye alijua kwamba nimejua. Jumapili iliyofuata nilirudi, na tangu hapo hatukulitaja jambo hilo.

Mambo mengine ni madogo, lakini kwangu ndiyo yanayomrudisha. Alikula ndizi kwa kisu, akizikata vipande sawa kama anayekata waya wa kulehemu redio. Hakusema kamwe kwamba mtu ni mbaya, alisema "huyo hajaoneshwa vizuri". Mtoto aliyeboronga hesabu, mume mlevi, mkuu wa mtaa aliyekula rushwa, wote hawajaoneshwa vizuri. Nililitumia neno hilo darasani kwa miaka mingi. Mwanafunzi akishindwa kugawanya, nilijiambia kwamba hajaoneshwa vizuri, nikachukua chaki nikaanza upya kwa njia nyingine, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Siku ambayo askari walioasi kweli kweli waliingia mjini na kupora, mashine ilibebwa. Walichukua hata mablanketi ya madirisha. Bobine hawakuzitaka, wakazimwaga kwenye tope mbele ya ukumbi. Tulimkuta amechuchumaa akizikusanya utepe kwa utepe, na maman wa maharage akamletea beseni la maji. Aliziosha kama nguo, akazianika kwenye kamba kutoka ukumbini mpaka kibandani kwake. Mji mzima ulipita chini ya mabaharia wadogo waliokauka kwenye jua.

Hazikufaa tena, na hata zingefaa, mashine haikuwapo. Jumapili iliyofuata tulipanda hata hivyo. Alitundika shuka. Alichukua fimbo. Akaonesha filamu nzima kwa mdomo, bobine tano, kwenye shuka tupu katika mwanga wa mchana, na alipofika penye sura aliinyosha fimbo mahali penyewe hasa, nasi tukamwona aliyekuwapo pale na kusema ni mtoto wa nani. Maman wa maharage, ambaye maswali yake hayakuwa yameisha, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu.

Miaka ilipita. Vita haikuisha siku moja kama inavyoandikwa, ilipungua kidogo kidogo kama maji kwenye pipa. Nilihamishiwa shule ya mbali, nikaolewa, nikarudi. Papa wa sinema aliacha ukumbi macho yalipoanza kumchosha. Na mwanawe alirudi.

Hilo nilisimuliwa. Alifika kwa miguu kutoka upande wa Katana, bila sare na bila mzigo, akasimama mlangoni pa kibanda mpaka baba yake alipomaliza redio aliyokuwa ameishika. Akajifunza useremala. Anatengeneza milango. Watu walisema baba na mwana wanakula sahani moja na hawajazungumza juu ya miaka ile hata siku moja. Mwana hasemi, na baba, ambaye hakuna kitu alichowahi kuacha bila kukieleza, haulizi.

Mwenzangu wa shule alirudi kutoka masomoni na filamu nyingi kwenye flash. Nilizipitia bila kutafuta kitu, na nikaikuta. Ile ile. Niliipeleka mbele mpaka mahali ambapo utepe wetu ulikuwa unapiga tapu tapu. Haikukatika. Iliendelea.

Niliifunga kabla sijaona. Nilifikiri si haki niwe wa kwanza.

Jumamosi moja alasiri nilipanda Kadutu na kompyuta ya shule ndani ya mfuko. Alikuwa ameketi kwenye benchi ndani ya nyumba, mwembamba, fimbo ya mwanzi imeegemea ukutani nyuma yake. Uani mwanawe alikuwa anapiga randa ubao, na nilimsalimia kwa mara ya kwanza: mtu mpole, mvi zimemwanza mapema. Nilimwambia papa nilicholeta. Aliuliza kama nimekwisha kuiona. Nikasema bado. Akaniambia niweke kompyuta juu ya kiti, karibu, kwa sababu ya macho.

Sikuwahi kuogopa filamu kama siku ile. Kama wangepiga, ningekuwa nimepanda ngazi zote zile kumnyang'anya mzee kitu pekee alichokuwa amejijengea. Moshi ulionekana. Meli zikaja. Mizinga ikageuka, mikubwa, ikatazama moja kwa moja machoni petu. Nilisikia randa imenyamaza uani. Mwana alikuwa amesimama mlangoni, maranda ya mbao yamemjaa mikononi.

Mizinga ilikaa. Ilikaa muda mrefu kuliko hata alivyotukalisha yeye.

Halafu ikashuka. Mabaharia walijaa kwenye kingo za meli zote, wakarusha kofia juu, na meli ya waasi ikapita katikati yao salama.

Nilimgeukia. Alikuwa amekunja uso.

"Kengele iko wapi?"

Nilimwambia kwamba hakuna kengele.

"Filamu ni bubu," alisema baada ya kufikiri. "Labda inalia, ni sisi hatuisikii." Kisha akasema nirudishe nyuma.

Nilirudisha. Safari ya pili alinyosha mkono nyuma bila kugeuka, akaipata fimbo. Ilikuwa ndefu mno kwa kompyuta, ilibidi aishike katikati. Sura za wale waliokuwa kwenye mizinga zilipita, na moja ikajaa kioo: kijana anayesubiri amri. Papa wa sinema aliigusa kwa ncha, polepole, kama mtu anayegusa uso. Niliisimamisha picha. Sauti ilimtoka kwa mazoea ya miaka yote.

"Huyu ni mutoto ya nani?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumpa maman wa sambaza.

"Iyo ni yako, papa," alisema mwanawe pale mlangoni.

Mzee hakugeuka. Fimbo ilibaki pale pale juu ya kioo.

Mwana aliyasema mengine akitazama mikono yake, na nitayaandika kwa ufupi kama alivyoyasema. Lilikuwa daraja, si meli. Watu walikuwa wanavuka na magodoro kichwani. Amri ilitolewa. Watatu walishusha bunduki, yeye na wengine wawili. Waliobaki walipiga, na watu walianguka. Wale watatu walikimbilia msituni usiku huo huo. Hakusema kwa sababu hakuona cha kusema, maana risasi zilipigwa hata hivyo.

"Tulikuwa batatu tu, papa," alisema. "Haikuwa kama kwa filamu yako."

Papa wa sinema alifunika macho kwa kiganja. Nje watoto walikuwa wanagombania tairi. Nilifikiri niondoke, lakini kompyuta ilikuwa ya shule na picha bado imesimama, kijana yule anasubiri.

Alipoutoa mkono usoni, alisogea mpaka mwisho wa benchi, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja mara mbili, kama anavyoitwa mtoto. Mwana akaja akaketi, na maranda yakamwanguka sakafuni.

"Batatu," alisema mzee. Akampa fimbo. "Rudisha tena, mwalimu, pole pole. Kuna wengine wawili hatujawapatia wazazi."

Nilirudisha. Mwana aliinama karibu na kioo, akatafuta kati ya zile sura, akatafuta tena, kisha akainyosha fimbo kwa mmoja mwenye masikio makubwa na kuanza kutuambia mama yake anaishi wapi.